Mwili Uliotangulia

Mara ya kwanza watu walicheka. Ilikuwa wakati wa chakula cha asubuhi, bwaloni kwa wanariadha, na mpishi alikuwa akipita na sinia la vikombe vya uji. Kikombe kimoja kikamponyoka. Sesilia Ntandu alikuwa ameipa meza mgongo, ameinama anafunga kamba za viatu, na hata hivyo alipoinua uso alikikuta kikombe kile kimo mkononi mwake, uji haujamwagika hata tone. Wenzake wakapiga makofi.

"Haya, mchawi," Mwanaidi Mkumbo alimwambia kutoka ng'ambo ya meza. "Na changu kikianguka unidakie."

Sesilia alicheka nao. Lakini mezani pale alibaki akiutazama mkono wake kwa kificho, kwa sababu hakukumbuka kuutuma.

Uzi alikuwa nao mgongoni tangu masika. Daktari Kaijage ndiye aliyeupandikiza, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, kutoka kisogoni hadi kiunoni. Sheria za riadha wakati huo zilikuwa zimekubali kila nchi iujaribu kwa mkimbiaji mmoja tu, na kituo chao, kilichojengwa juu ya majabali nje ya mji wa Singida, pale ambapo feni kubwa za umeme wa upepo huzunguka mchana kutwa, kilimchagua Sesilia. Hakuwa mwenye mbio kuliko wote. Mwenye mbio kuliko wote alikuwa Mwanaidi. Sesilia alikuwa na miguu mizuri na masikio mazito: bastola ikilia, wenzake huwa wameshainuka ndipo yeye anashtuka. Katika mita mia, aliyechelewa kushtuka amekwisha kushindwa, hata akiwa na miguu ya swala.

Kwa hiyo walimfundisha kushtuka. Asubuhi alivuta tairi na kupanda mwamba kwa vidole vya miguu kama wengine, lakini jioni alibaki peke yake na Kocha Gwau. Alifungwa kitambaa machoni, akapiga goti, nyayo zikakaa kwenye vyuma vya kuanzia. Kocha aliificha bastola katikati ya kelele nyingine: mlango, sufuria, honi, kikohozi. Mwili ulitakiwa kuzikataa zote na kuitii moja. Wiki za mwanzo uliitii kila kelele. Mlango ulibamizwa na upepo, Sesilia akajikuta nje ya bafu na sabuni mwilini. Kisha mwili ukajifunza. Sheria ya mbio inasema anayeondoka kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu bastola ilie huyo amebahatisha, atolewe. Mwili wa Sesilia ukawa unaondoka papo hapo sheria inaporuhusu, si kabla, si baada, kila siku, kana kwamba ndani yake kuna mtu amesimama ameshika komeo, anahesabu.

Baada ya kikombe yakafuata mengine. Mama yake alipiga simu kutoka kijijini, na katikati ya maongezi akanyamaza. "Sesi, mbona unanijibu kabla sijauliza?" Siku nyingine alifungua mlango wa chumba chake bila sababu na kumkuta Daktari Kaijage amesimama nje, mkono ameuinua ili abishe hodi. Wote wawili walishtuka, wakasalimiana, wala hakuna aliyelisema lile.

Halafu kulikuwa na mjusi. Alikuwa mjusi wa kawaida, wa ukutani, alizoea kukaa karibu na taa. Sesilia alikuwa kitandani akimtazama, na jambo kama kinyaa likampita moyoni, dogo tu. Kilichofuata ni kwamba amesimama, kiatu kiko ukutani, na chini ya kiatu mna unyevu. Hakukumbuka kukasirika. Aliosha ukuta kwa maji ya moto, akafungua madirisha, akaenda kulia chumbani kwa Mwanaidi, na mchana huo hakula.

*

Mbio za kuteua timu zilikuwa Jumamosi. Nafasi ya mita mia ilikuwa moja. Upepo, ambao Singida haukomi, siku ile ulikoma. Feni juu ya mlima zilisimama kama mikono ya watu walionyooshewa bunduki.

Mwanaidi alikuwa njia ya nne, Sesilia ya tatu. Mwanaidi alikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, na ndiye aliyempokea siku ya kwanza kituoni, akamwonyesha jinsi ya kupima vyuma vya kuanzia kwa unyayo wake mwenyewe. Kabla ya kuinama alimpiga kikofi mgongoni, juu kidogo ya kovu la uzi.

"Nikimbize, mdogo wangu. Nikimbize kweli. Mwakani nitakuwa bibi."

"Nitakukimbiza, Da Mwana."

Bastola ikalia, mwili ukaondoka. Sesilia aliufuata kama mtu anayefuata gari lililobeba mizigo yake. Hatua za mwanzo alikuwa mbele ya wote. Walipovuka nusu alisikia pumzi begani kwake kuume, pumzi za Mwanaidi, zikija, zikikaribia, zikilingana na zake. Kisha hakuzisikia tena. Mstari wa mwisho ukampita chini ya miguu na watu wakapiga kelele, lakini hazikuwa kelele za ushindi.

Akageuka. Mwanaidi alikuwa chini, amejikunja, ameshika goti kwa mikono yote miwili, na goti halikuwa limeelekea linakopaswa kuelekea.

Sesilia alikimbia kumrudia, na njiani akaona jambo ambalo baadaye hakuweza kumweleza mtu vizuri. Kiganja chake cha kuume kilikuwa na joto, kama kiganja cha mtu aliyetoka sasa hivi kumshika mwenzake.

*

"Waamuzi wamesema ni ajali," alisema Kocha Gwau. "Na Mwanaidi mwenyewe amesema aliyumba. Sasa tunatafuta nini humu?"

Walikuwa watatu katika chumba cha picha, mapazia yamefungwa. Daktari Kaijage aliirudisha picha nyuma, akaipunguza mwendo mpaka wakimbiaji wakawa kama watu wanaotembea majini.

Mwanaidi hakuyumba. Alikuwa katikati ya njia yake, kifua mbele, anampita Sesilia. Mkono wa Sesilia, uliokuwa ukienda na kurudi kama mkono wa mkimbiaji yeyote, ukaenda, na haukurudi. Ukafunguka. Ukavuka mstari mweupe polepole, ukatulia juu ya nyonga ya Mwanaidi, karibu kwa upole, ukasukuma. Kisha ukarudi kwenye mwendo wake. Uso wa Sesilia wakati wote huo ulitazama mbele. Hapakuwa na kitu usoni pale.

"Zima," alisema Sesilia.

Daktari akazima. Alikuwa mama wa makamo, Mhaya, mwenye sauti ya chini, na siku ile ilikuwa chini zaidi.

"Nikueleze ninavyoelewa mimi," alisema. "Kati ya kutaka na kutenda pana mlango. Jambo linakuja, linagonga, na wewe uko pale mlangoni. Mengi unayarudisha. Wala hujui kwamba umeyarudisha, ni haraka mno. Lakini haraka hiyo, kwenye mita mia, ni muda mrefu. Ndiyo maana tukapitisha uzi nyuma ya nyumba. Sauti ya bastola isipite mlangoni."

"Ulisema ni bastola tu."

"Nilisema hivyo. Nilidhani hivyo. Inaonekana na mambo mengine yameijua njia."

"Kwa hiyo nilitaka kumvunja mguu?"

"Kila mkimbiaji anataka aliye pembeni yake aanguke, Sesilia. Linapita kama inzi. Hakuna anayehukumiwa kwa hilo, kwa sababu linaishia mlangoni."

"Langu halikuishia."

Kocha Gwau alisogeza kiti chake karibu. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ambao Sesilia aliugua malaria alikesha naye, akimlisha uji kwa kijiko. "Binti yangu," alisema, "mguu wa Mwanaidi umevunjika. Ukisema, hautaunga. Ukinyamaza, hautavunjika zaidi. Kituo hiki kimengoja mtu wa kwenda fainali tangu hawa watoto hawajazaliwa. Nenda ukakimbie. Ukirudi, tutoe huo uzi, tuombe radhi, tufanye yote."

Sesilia alifungua kinywa ili aseme atafikiri. Lakini kinywa kilikuwa kimeshasema, "Sawa, Mwalimu."

*

Alikwenda hospitali siku ya tatu, akiwa amejipanga atakachosema. Alinunua machungwa, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaikalia mikono yake.

Goti la Mwanaidi lilikuwa ndani ya kitu kama tenga la chuma. Alikuwa amekonda usoni, lakini alichangamka.

"Umekuja na uso wa msiba. Nani amekufa?"

"Pole, Da Mwana."

"Nimeshapoa. Nimejilaumu mpaka nimechoka. Miaka yote hii nakimbia, halafu nayumba kama mtoto, siku ile ile." Alitikisa kichwa. "Nilihisi kama ardhi imenisukuma."

Hapo Sesilia aliona njia mbili zimelala mbele yake wazi kabisa. Angeweza kumenya chungwa. Angeweza kusema pole tena na kuondoka, na Mwanaidi angeendelea kujilaumu mpaka asahau. Alikuwa bado anazitazama.

"Nilikusukuma," alisema.

Mwanaidi akamtazama. Sesilia naye alitamani ajitazame, maana hakuwa ameamua. Maneno yalikuwa yametoka kama mate ya mtu aliyelala.

"Umesema nini?"

"Si... Da Mwana, nisubiri. Nisubiri kidogo." Jasho lilimtoka. "Huyo aliyesema hajaniuliza. Nilikuwa sijaamua kama nitakwambia."

Mwanaidi hakuelewa, kisha, polepole, akaelewa. Alikuwa ameona kikombe. Alikuwa amesikia mengine, maana kituoni hakuna siri. Alijivuta akaketi, akaegemea ukuta.

"Basi amua," alisema. "Nakusikiliza. Sema wewe sasa."

Kwenye kitanda cha jirani mwanamke alikuwa akikohoa, na kila kikohozi mapaja ya Sesilia yaliruka. Alijua kwamba sasa angeweza kukana. Angesema ni wazimu wa uzi, unaropoka. Alilitazama neno hilo, akalirudisha.

"Nilikusukuma," alisema, kwa sauti iliyopasuka. "Nimeona kwenye picha. Hukuyumba. Ulikuwa unanipita."

Mwanaidi alifumba macho, akakaa hivyo. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, ila sauti ilikuwa imara.

"Si wewe. Ni hilo dude walilokutia. Siku ile ya mjusi ulikuja kwangu unalia, unakumbuka? Anayelia kwa ajili ya mjusi hawezi kunivunja mimi mguu." Alimshika mkono, ule ule wa kuume. "Kautoe, Sesi. Sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na huo uzi. Siku ukitoka, uje tuanze upya."

*

Daktari Kaijage alikubali kuutoa siku hiyo hiyo. Kocha Gwau alikuja hadi chumba cha upasuaji, akasimama ukutani, kofia mikononi.

"Kabla sijakuchoma ganzi lazima nisikie kwa kinywa chako," alisema Daktari. "Unataka niutoe—"

"Hapana," kilisema kinywa cha Sesilia.

"Umemsikia," alisema Kocha. "Daktari, umemsikia mwenyewe. Huo ndio moyo wake, kabla haujafundishwa adabu. Utamfungua mtu mgongo naye amesema hapana?"

Daktari aliweka sindano chini. "Nimemsikia aliyewahi," alisema. "Sijui kama ndiye mwenye nyumba. Nangoja kama kuna mwingine."

Wakangoja. Nje, feni zilikuwa zikikata upepo, vuu, vuu, vuu. Sesilia alikuwa amelala kifudifudi, paji la uso kwenye kitambaa cha kijani, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachokataa kwa nguvu zote, kinachoona fainali, na taa, na jina lake likitajwa na watu wasiomjua. Hakuweza kukiita kigeni. Alikijua tangu utoto. Alikiacha kiseme mpaka mwisho.

"Toa," alisema.

Ganzi ikaingia. Alikuwa macho, hasikii maumivu, anasikia tu kuvutwavutwa kama nguo inayoshonwa akiwa ameivaa. Daktari aliweka kisikilizio kisogoni. Uzi ulio hai huvuma, alikuwa amemweleza zamani, kama nyuki ndani ya chupa. Sesilia alisubiri asikie ule mvumo. Hakuusikia. Daktari alihamisha kisikilizio chini kidogo, kisha chini zaidi, kisha akaagiza kingine. Kimya.

Baadaye aliuvuta uzi wenyewe nje, akauweka kwenye sahani. Ulikuwa mweusi, umevikwa ngozi nyembamba ya waridi kwa urefu wake wote.

"Huu umekufa," alisema Daktari.

"Umekufa sasa hivi, ulipoutoa?" aliuliza Kocha.

"Mwili haufuniki kitu hivi kwa siku moja. Wala kwa wiki. Huu ulikufa kabla ya mbio. Kabla sana." Alivua glavu moja, akasahau kuvua ya pili. "Nilikuwa napima kasi ya miguu tu. Kasi ilikuwa nzuri. Nani humchunguza ng'ombe anayetoa maziwa?"

Sesilia aliuliza swali ambalo alilijua jibu lake. "Nani alimsukuma, basi?"

"Uzi uliuonyesha mwili njia ya panya. Mwili ukaizoea. Aliyekuonyesha njia akifa, wewe huachi kuipita." Daktari aliinama ili waonane macho. "Sina cha kutoa tena, Sesilia. Samahani. Iliyobaki ni wewe."

Kocha Gwau ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchangamka. Alianza kutembea huku na huku. "Lakini mnaona maana yake? Hana uzi! Miguu ni yake, kasi ni yake. Hakuna mtu atakayesema lolote." Kisha alisimama. Mtu anaweza kusema mengi juu yake, lakini pale alipomkumbuka Mwanaidi uso wake ulibadilika kweli. Alichukua kichupa kidogo cha dawa, akamwaga kilichokuwamo, akautia ule uzi ndani kwa koleo.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie ndio huu. Anataka kuuona ili roho yake itulie, nawe unataka akusamehe. Hutasema uongo. Si ulikuwa mgongoni mwako?"

*

Mwanaidi alikuwa ametoka hospitali, yuko kwa dada yake mjini, barazani, mguu umelazwa juu ya kigoda. Alikuwa akipepeta alizeti. Maganda yalikuwa yamempaka nywele unga wa kijivu. Alipomwona Sesilia akivuka ua wa minyaa aliuweka ungo chini.

Sesilia alikuwa amejiandaa njia nzima. Aliinua kichupa.

"Ndio huu uliokusukuma," kilisema kinywa chake.

Ilikuwa rahisi ajabu. Mwanaidi alipokea kichupa, akakigeuzageuza juani, akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. "Kidudu chenyewe ndicho hiki? Dada, njoo uone!" Dada hakusikia, alikuwa nyuma ya nyumba. Mwanaidi akamvuta Sesilia, akamkumbatia, wakakaa hivyo, shavu kwa shavu, harufu ya mafuta ya alizeti. "Basi yameisha," alimwambia. "Yameisha, mdogo wangu. Nenda ukakimbie. Kimbia na kwa ajili yangu."

Na miguu ya Sesilia ikainuka. Kabla hajaaga, ilikuwa imeshashuka barazani. Ilimpeleka uani, hatua ndefu, nyepesi, hatua za mtu aliyepona. Ilitaka kuondoka naye alijua inataka kuondoka, na alijua vilevile kwamba ikiupita ule ua hatarudi tena na maneno yale, leo wala siku yoyote. Aliiamuru isimame. Haikusimama. Akashika minyaa kwa mkono. Tawi likakatika, utomvu mweupe ukamtiririkia. Mwishowe alifanya jambo pekee lililobaki. Alijiangusha. Alikaa chini vumbini kama mtoto anayesusa, akaikunja miguu, akailalia.

"Sesi! Una nini?"

Aliacha jibu la kwanza lipite, na la pili. Mwanaidi alikuwa ameshachukua gongo, anajivuta kumjia.

"Uzi ulikuwa umekufa," alisema Sesilia. "Kabla ya mbio. Daktari amesema siku nyingi kabla. Uliingia ukaufundisha mwili, ukafa. Mkono uliokusukuma ulikuwa wangu, Da Mwana. Hapakuwa na mtu mwingine ndani."

Mwanaidi alisimama pale alipokuwa, kati ya baraza na ua. Kichupa bado alikuwa nacho.

"Na aliyeniambia sasa hivi kwamba ni uzi?"

"Mimi."

"Na yule wa hospitali, aliyeropoka?"

"Mimi pia."

"Na huyu anayeongea?"

Sesilia alifikiri sana. Utomvu wa mnyaa ulikuwa umeanza kumuunguza vidole.

"Huyu huwa anachelewa," alisema. "Ndiye niliyekuwa namngoja."

Mwanaidi aliutazama mguu wake, akamtazama na yeye aliyekaa vumbini, na kile kilichokuwa kimefunguka usoni pake kikafungwa taratibu, bila kishindo.

"Ondoka," alisema.

*

Hakwenda kwenye mashindano. Alimweleza Kocha Gwau mbele ya wanariadha wote, bwaloni, maneno yote, na Kocha alimsikiliza, akavaa kofia yake, akatoka, na kwa muda mrefu hakuongea naye ila salamu. Nafasi ilipewa msichana wa tatu, ambaye alitolewa raundi ya kwanza na kurudi nyumbani akiwa na furaha ya kupanda ndege. Daktari Kaijage alikataa kupandikiza nyuzi nyingine. Ikasikika kwamba nchi nyingine zimepata madaktari ambao hawakukataa.

Kituo hakikumfukuza Sesilia. Watu walimwogopa tu. Bwaloni viti vya kulia na kushoto kwake vilikaa vitupu, na wenzake walijifunza kutomtazama wakiwa na hasira, kana kwamba anaweza kuona linalokuja kabla wao hawajalijua. Labda aliweza. Mama yake alipopiga simu alikuwa akiuma ulimi kwa meno mpaka swali liishe.

Kila asubuhi, wengine wakipanda mwamba, yeye alishuka uwanjani peke yake. Alipanga vyuma vya kuanzia, akapiga goti, akaiweka sauti ya bastola kwenye spika ndogo, ilie wakati asioujua. Na alichokuwa akijifunza ni kutoondoka. Hakuweza. Spika ililia, alikuwa njiani. Alijaribu kujifunga tairi kiunoni, akaliburuta. Alijaribu kuziba masikio, mwili ukahisi mtetemo wa ardhi. Alirudi kwenye vyuma, akapiga goti tena, na mlinzi wa geti aliyemwona kwa mbali aliwaambia watu kwamba yule binti anashindana na mtu.

Asubuhi moja alisikia gongo likigonga juu ya lami ya njia ya kuingilia. Mwanaidi hakumsalimia. Alikuwa amevaa suti yake ya mazoezi, suruali imepasuliwa mshono kwenye goti lenye chuma, na mkononi alikuwa na bastola ya Kocha.

"Ulisema anayechelewa ndiye wewe," alisema. "Nataka nimwone. Piga goti."

Sesilia akapiga goti. Aliposikia gongo likizunguka mbele yake aliinua uso. Mwanaidi alikuwa ameingia kwenye njia yake, njia ya tatu, akasimama katikati, karibu, karibu kiasi kwamba Sesilia aliona nyuzi za mshono kwenye lile goti.

"Da Mwana, toka hapo."

"Mahali pako," aliamuru kama mwamuzi wa mbio.

"Nitakuvunja. Sijawahi kuweza kujizuia, hata mara moja. Nakuomba."

"Nami nilikuomba unikimbize," alisema Mwanaidi. "Tayari."

Nyonga za Sesilia zikapanda. Ndani yake yule wa kwanza alikuwa ameshashika komeo. Wala hakuwa amejificha. Palikuwa na tamaa ya kwenda, na chini ya tamaa hiyo, dogo kama inzi, palikuwa na lile lile la Jumamosi, linalotaka aliye mbele yake asiwepo. Alilitazama. Alilitaja kwa jina.

Bastola ikalia.

Mapaja yakaruka. Mikono ikaachana na ardhi. Kichwa kilikuwa kimeshatangulia, na aliliona goti, chuma na mshono, likimjia usoni. Kisha kukawa na ufa, mwembamba, hata ukucha usingepita, na ndani ya ufa ule akajikuta amesimama yeye. Akakataa. Akaanguka kifudifudi, meno kwenye mpira wa njia, mikono imetandazwa, na nyayo zake zote mbili zilikuwa bado kwenye vyuma, zinatetemeka, zinapiga chuma kama mnyama aliyefungwa zizini.

Moshi wa bastola ukapita juu yao. Mwanaidi hakuwa amerudi nyuma. Alikuwa akihema kwa nguvu, na mkono ulioshika gongo ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaza.

Kisha akatia risasi nyingine, akasogea hatua moja mbele.

"Tena," alisema.